Acheni Kuuza Akili kwa Kilo

Wasee, leo sina utani. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, kilifungua stoo na kumwita mtu wa vyuma chakavu. Osiloskopu za maabara zikapandishwa kwa mizani kama mabati ya kuezekea. Moja ilikuwa Tektronix 465, mashine ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1972. Juu yake kulikuwa na karatasi imeandikwa "IMEKUFA." Nikambembeleza yule jamaa wa mizani, nikainunua kwa bei ya chuma. Kilo kama 10 hivi.

Kama hujui osiloskopu, ni hivi: mita hukuambia kuna volti ngapi. Osiloskopu hukuchorea hizo volti zikipanda na kushuka, hata mara milioni kadhaa kwa sekunde. Fundi asiye nayo anabahatisha tu.

Sasa hiyo "maiti" ilikuwa na ugonjwa gani? Kapasita moja. Moja! Mashine za enzi hizo zina kapasita ndogo za tantalamu ambazo hupenda kushoti zikizeeka, na moja ikishoti inaangusha laini nzima ya umeme. Nilichomoa plagi, nikapima kila laini ya pawa na graundi. Moja ikasoma karibu sifuri. Nikatenganisha sehemu moja baada ya nyingine mpaka mwizi akashikwa. Kapasita mpya haikufika bei ya sahani ya chipsi. Nikawasha, mstari wa kijani huo!

Na sikuwa na uganga wowote. Nilifuata kitabu cha mafundi cha mashine yenyewe. Kina mchoro wa saketi yote, maelezo ya kila sehemu inavyofanya kazi, na volti unazofaa kupata ukipima. Walioitengeneza walijua siku moja itafunguliwa. Vitu vingi vya siku hizi vinakuja na kijitabu cha kukuonyesha vitufe, basi. Kikizima, unaambiwa nunua bodi nzima ama nunua kingine.

Najua mtasema za dijitali ni nyepesi na zinahifadhi picha. Kweli, sibishi. Kama uko na doo, nunua. Tena hizi za zamani si mchezo: kioo chake kinatumia maelfu ya volti, na umeme unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa. Usifungue peke yako kama hujafunzwa. Lakini si hiyo ndiyo sababu ziwe darasani, penye mwalimu, badala ya kwa mizani?

Kinachoniuma ni hiki: tunamaliza kozi ya elektroniki tukijua kuchora kapasita kwa mtihani, na hatujawahi kutafuta hata moja iliyoharibika. Halafu tunashangaa kijana aliyejifunzia kazi mezani pale Luthuli Avenue akituacha mbali.

Kwa hivyo walimu wetu, kabla hamjaita mtu wa mizani, pea kila kikundi cha wanafunzi mashine moja mbovu kwa muhula mmoja. Wakishindwa, uzeni. Hiyo ni haki. Lakini msiandike "imekufa" kwa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Yangu iko mezani saa hii. Inafanya kazi.