Nani Kasema Ngeli Hazina Falsafa?

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba metafizikia, yaani elimu ya kuwapo kwa vitu, haifundishiki kwa lugha za Kibantu. Tunawauliza: je, wamemsoma Alexis Kagame? Padri huyo wa Rwanda alipata udaktari wa falsafa huko Roma mwaka 1955. Hakuanza na Kilatini, alianza na ngeli za Kinyarwanda, kama zile ambazo wanafunzi wetu huzikariri pasipo kuulizwa maana yake: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Makundi kumi ya Aristotle akayapanga upya katika hayo manne, yote yenye shina moja, -ntu. Mtu na kitu vya Kiswahili ni ndugu zao.

Paulin Hountondji wa Benin alipinga njia hiyo: falsafa, alisema, ni hoja za watu binafsi, si fikra za kabila zima zilizojificha katika lugha. Hoja hiyo ni nzito. Lakini atakayeipima, sharti kwanza azijue ngeli!

Kagame, ambaye mashairi yake aliyatunga kwa Kinyarwanda, falsafa yake aliiandika kwa Kifaransa. Alifariki mwaka 1981. Basi wanaotukataza wataje ni neno gani la falsafa hiyo lisilosemeka kwa Kiswahili.