Tahadhari: Sensa ya Oksijeni Haiungwi kwa Kufuata Rangi za Nyaya

Kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Kemondo, Muhutwe, Kamachumu, Muleba na Bukoba mjini: kama gari lako limewasha taa ya cheki injini, na fundi ameshika koleo akitaka kukata nyaya za sensa ya oksijeni, mzuie kwanza. Nyaya nne zikiungwa kwa kubahatisha zinatosha kuua sensa mpya, kuunguza kontroli boksi na kuliacha gari likimwaga petroli mbichi kwenye ekzosi. Ufundi wa namna hii umezoeleka mno katika gereji bubu, na unaenea upesi, kwa sababu kijana hujifunza kwa kumtazama mwenzake na kesho yake naye anamfundisha mwingine. Afadhali tuukatishe sasa.

Sensa hiyo huchomekwa kwenye bomba la ekzosi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuiarifu kontroli boksi, nayo iongeze au ipunguze mafuta ili kila gramu moja ya petroli iungue na gramu 14.7 za hewa. Bosch waliibuni, Volvo wakaanza kuifunga kwenye magari yao mwaka 1976, na leo IST, Noah, Probox na Premio zinazotoka Japani zinakuja nayo. Taarifa inayotolewa na sensa ya kawaida ni umeme mdogo sana, kati ya volti 0.1 na 0.9. Lakini ndani ya sensa hiyohiyo mna hita, kwa kuwa bila joto la nyuzi 300 hivi sensa haifanyi kazi. Hita inatumia volti 12 za betri. Kwa hiyo katika kifungu kimoja chembamba cha nyaya umeme wa betri unapita ubavuni mwa umeme usiofika hata volti moja, na kinachoutenganisha ni ngozi ya plastiki tu.

Sasa tazama rangi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Toyota nyingi hutoka kiwandani na sensa za Denso. Katika sensa ya Denso yenye nyaya nne, nyeusi mbili ni za hita, wa buluu ni wa taarifa, na mweupe ni hasi ya taarifa. Sensa ya Bosch ya kuunga ni kinyume chake: nyeupe mbili ndizo za hita, mweusi ni wa taarifa, na wa kijivu ni hasi yake. Fundi amekosa sensa yenye soketi ya gari lake, kwa hiyo amenunua hiyo ya kuunga. Anakata soketi ya zamani, anaunga mweusi kwa mweusi na mweupe kwa mweupe, kisha anafunga tepu. Kwa macho kazi ni safi. Ukiwasha swichi, volti 12 zinaweza kuingia kwenye waya wa taarifa. Zikiingia, sensa inakufa hapohapo, fyuzi inaweza kukatika, na umeme ukipata njia ya kurudi unaweza kuunguza kontroli boksi, kifaa ambacho bei yake ni mara nyingi ya bei ya sensa.

Hata fundi aliyepatia rangi anaweza kuiharibu sensa kwa njia nyingine. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wenyewe. Ukilehemu kwa risasi unaziba njia hiyo ya hewa, na sensa inaanza kusema uongo. Maungio hubanwa kwa klipu za shaba na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu haifai. Bukoba na Muleba ni nchi ya mvua na matope, na waya ulio chini ya gari ukifungwa tepu tu utaingia maji na kuota kutu. Tena, baadhi ya magari ya miaka ya 2000 kuja huku hayana sensa ya kawaida mbele ya masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, bali yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwa umbo zinafanana na zinaingia tundu lilelile, lakini moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Madhara hayaishii kwenye mfuko wa mwenye gari, ingawa mfuko nao unaumia: petroli ya Kagera ni ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali, kama bei kikomo za EWURA zinavyoonyesha kila mwezi. Sensa inaposema uongo kwamba hewa ni nyingi, kontroli boksi inaongeza petroli. Petroli isiyoungua ndani ya injini inakwenda kuungulia kwenye masega, nayo huweza kupata moto hadi yakawa mekundu na kuyeyuka. Gari la hivyo likiegeshwa juu ya nyasi kavu, iwe kando ya barabara au kwenye nyasi zilizorundikwa kibanjani tayari kutandazwa mgombani, linaweza kuwasha moto dereva akiwa ameshaondoka.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Injini inayozidisha petroli hutoa kaboni monoksidi nyingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kama fundi ameng'oa sensa akaacha tundu wazi, au amechomelea ekzosi vibaya, hewa hiyo inapanda kupitia sakafu. Fikiria Noah iliyojaa abiria kutoka Muleba, mvua inanyesha, vioo vyote vimefungwa. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinakuja, halafu usingizi mzito. Watu wakianza kulalamika hivyo ndani ya gari, usiseme ni uchovu wa safari. Simamisha gari, zima injini, toa kila mtu nje kwenye hewa safi, na wapeleke walioathirika hospitali kwa chombo kingine. Wala mtu asilale ndani ya gari linalounguruma, iwe bandarini akisubiri meli au mwaloni akisubiri dagaa.

Ndugu fundi, fanya hivi. Soma kosa kwa mashine kabla ya kushika koleo, kwa sababu taa kuwaka si ushahidi kwamba sensa imekufa. P0135 na P0141 zinaelekeza kwenye hita, basi anza na fyuzi, soketi na waya uliounguzwa na ekzosi. P0171 mara nyingi ni hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka. Ukithibitisha kuwa sensa ndiyo mbovu, tafuta yenye namba ya kipuri inayolingana na gari hilo na soketi yake, hata kama itabidi isubiriwe kutoka Mwanza, Dar es Salaam au Kampala. Ikilazimu kuunga, fuata mchoro wa sensa mpya na wa ile ya zamani, kisha hakikisha kwa mita. Katika sensa hizi za nyaya nne, nyaya mbili za rangi moja ndizo za hita, na mita itaonyesha ohmu chache kati yake. Usipime ohmu kwenye waya wa taarifa, na usiuguse kwa kile kibalbu cha kutafutia umeme, kwani kinavuta umeme mwingi kuliko waya huo unavyoweza kubeba. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kuunga. Weka nyaya mbali na bomba la moto, na usitumie silikoni ya kawaida karibu na injini, kwa kuwa mvuke wake unaiua sensa.

Nawe mwenye gari, kama sensa yako ilishaungwa kwa tepu, usingoje safari nyingine. Dalili ni hizi: moshi mweusi, harufu ya petroli nyuma ya gari, resi zinazopanda na kushuka gari likiwa sailensa, mafuta kuisha haraka, na fyuzi inayokatika tena na tena. Usiruhusu mtu aitoe balbu ya cheki injini ili ikuache na amani, na usikubali sensa ing'olewe ati gari litakwenda tu. Lirudishe gereji, omba maungio yafunguliwe ukiwapo, na uone kila waya umepimwa kwa mita. Kisha mweleze dereva mwenzako kijiweni, na fundi wake pia, kabla koleo halijafika kwenye gari lake.