Madrasa ya Bati Kule Ukambani

Nina deni la kulipa, na deni lenyewe si la fedha. Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu waliochangisha huku Mombasa kwa ajili ya kujenga madrasa katika kijiji kimoja cha kusini ya Kitui. Niliandika, nikasimama mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, nikawaambia kwamba watoto wa kule wanasoma chini ya mti na kwamba jambo hilo ni aibu yetu sisi. Watu walitoa, Mwenyezi Mungu awalipe. Jengo likapelekwa likiwa limekwisha katwa huku huku: nguzo za chuma, kuta za bati na paa la bati. Kwa siku tisa lilikuwa limesimama. Tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi kwetu.

Mwaka jana nilikwenda tena, kwa ile barabara ya kutoka Kibwezi inayopitia Ikutha na Mutomo, ambayo siku hizi ina lami. Nilifika yapata saa sita za mchana, na watoto niliwakuta chini ya mti. Mti ni ule ule. Ndani ya jengo letu mlikuwa na magunia ya pojo, majembe mawili na kuku aliyekuwa akihema mdomo wazi.

Maalim wa pale ni Mkamba mwenyewe, mtu mpole, na alinikaribisha kwa heshima zote. Nilipomwuliza mbona darasa limegeuzwa ghala, hakuhamaki. "Mzee wangu," akasema, "paa lenu limetupa maji, na hilo hatulisahau. Lakini hizi kuta, ikisha kupita saa nne mtoto hakai ndani. Nikimlazimisha akae, alichohifadhi asubuhi chote hukisahau."

Niliingia nijionee. Sikutimiza dakika tano nikatoka natafuta kivuli, miwani imenitoka jasho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tulikosea wapi, na naona kosa halikuwa la bati wala halikuwa la uchache wa fedha. Sisi watu wa Pwani twalijua bati kwa ubaya wake mmoja tu, nao ni kutu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na paa lililo karibu na bahari huanza kuliwa kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa fundi. Basi fundi wetu alipoipanga madrasa ile, hofu yake yote aliielekeza huko. Alichagua bati zito la geji 28, maana katika hesabu ya geji nambari ikizidi bati huwa jembamba, na nguzo akazipiga rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Kazi safi. Lakini Kitui na Makueni ni nchi kavu, bahari iko mbali, na bati likitiwa vizuri huweza kumzika aliyelinunua. Huku kwetu twaiogopea nyumba. Kule ilitupasa kumwogopea mtu aliye ndani yake.

Tena tulikwenda kana kwamba tunawapelekea chuma watu wasiokijua. Wenyeji husimulia kuwa jina lenyewe la Kitui limetokana na kazi ya uhunzi. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu kabla ya reli kuwazwa, na Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo. Watu hao walijua kufua chuma, wala hawakujenga nyumba kwa chuma. Nyumba yao ya zamani ilikuwa ya mviringo, nyasi zake zikiteremka karibu kugusa ardhi, na jua la mchana likabaki nje. Bati la mawimbi ni jambo la Ulaya: Palmer alilitolea hati London mwaka 1829, na Sorel wa Ufaransa akaja mwaka 1837 na hati ya kukivika chuma zinki kisishikwe na kutu. Lilipanda bara pamoja na reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na tangu hapo likawa alama ya mtu aliyeendelea. Siwalaumu walioacha nyasi. Nyasi huvuja, huungua, huliwa na mchwa, na maji yake hayanyweki.

Na hapo ndipo penye utamu wa bati, ambao maalim aliutaja kwanza. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Madrasa yetu ni mita 12 kwa 6, basi mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya jioni moja, huleta lita 1,440 ukiacha kidogo kinachomwagika. Mvua saba za namna hiyo hulijaza tangi la lita 10,000. Katika nchi ambayo mama huenda na punda mtoni kufukua mchanga apate maji, paa la namna hii ni neema. Kwa hiyo anayesema bati liondolewe Ukambani hajapata kuona kiu.

Lakini ukuta haukusanyi mvua. Ukuta wa bati hukusanya jua, la asubuhi upande mmoja na la jioni upande wa pili. Watu wengi hudhani bati jipya linalong'aa ni baridi kwa kuwa linarudisha mwanga. Ni kweli hurudisha mwingi, lakini joto lile dogo linaloingia haliachilii upesi, ndiyo sababu ukiligusa adhuhuri utatoa mkono mbio. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili: huurudisha mwanga na huliachilia joto. Wazee wetu waliopaka chokaa nyumba za Lamu hawakuwa wakitafuta urembo peke yake. Na hizi rangi nyekundu na kijani nzito zinazopendwa siku hizi hupendeza barabarani. Anayelala chini yake ndiye wa kuulizwa.

Kuna aliyeniambia, "Mbona vijana wetu walioko Ghuba wanakaa katika vyumba vya chuma jangwani kabisa?" Wanakaa, kweli. Lakini kuta za vyumba vile aghalabu ni bati mbili zenye povu katikati yake, na juu ya mlango inanguruma mashine ya baridi mchana na usiku. Izime mashine hiyo saa moja uone nani atabaki ndani. Kijijini kwetu kule umeme ni taa mbili za jua.

Nilimwomba fundi mmoja wa Mutomo alizunguke jengo pamoja nami, na aibu yangu ikazidi. Misumari ya paani ilipigwa kwenye mfereji wa bati, mahali maji yanapopita, badala ya kupigwa mgongoni. Alinionyesha pia kwamba bati la mita 6 likitoka katika ubaridi wa alfajiri mpaka moto wa adhuhuri hurefuka karibu milimita 3, na usiku hurudi. Ndiyo ule mlio wa kupasuka unaowatisha wageni magharibi. Ni jambo dogo, lakini likirudiwa kila siku msumari hulegea, na upepo wa mwanzo wa mvua huingiza mkono wake. Kutu nayo ilikuwapo, ila si pale tulipoiogopa. Ilikuwa kwenye madoa madogo kuzunguka dirisha, ambapo vijana walikata chuma kwa mashine, cheche zikaungua zinki, na hakuna aliyechukua ufagio. Mfereji wa paa umelegea katikati kama mgongo wa punda mzee, nusu ya maji yaenda mchangani. Kitu pekee kilichokuwa kizima kama siku ya kwanza ni kibao cha marumaru chenye majina yetu.

Nilimwuliza fundi je, tulivunje? Akacheka. Kwake kazi ni nyepesi: kutoa bati la juu ya kuta mbili ndefu, kiasi cha mkono mmoja chini ya paa, na kutia wavu wa waya ili joto lipate njia ya kutokea, kupaka paa rangi nyeupe, lakini lisuguliwe na kuoshwa kwanza, maana zinki haipendi rangi, kutundika dari ya majamvi ya mkonge, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Mkonge hauko mbali, Kibwezi kuna shamba kubwa la tangu zamani. Kuta za chini angezijenga pole pole kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, si ya kuchoma, kwani tanuri la matofali hula miti na miti yenyewe imebaki michache. Serikali ya kaunti ya Kitui ilifikia kupiga marufuku biashara ya makaa mwaka 1918 ukiongeza karne moja, yaani 2018, na mwenye macho aliona kwa nini. Na boriti akitaka za mbao asemavyo ni mukau, mti wa huko huko ambao mchwa hauwezi.

Sasa wamenijia tena mabwana wale wale. Wataka niandike habari ya mchango wa chumba cha pili, mfano wa kile cha kwanza, wa bati juu mpaka chini, na ufunguzi uwe baada ya Ramadhani. Nimewajibu kwamba nitaandika, na ndiyo haya niliyoyaandika. Orodha ya maalim na fundi ninayo mfukoni: rangi nyeupe, misumari yenye mpira, wavu, majamvi, mfereji mpya, na ujira wa watu wawili kwa siku kumi. Nimeipigia hesabu mara mbili. Haifiki gharama ya kile kibao pamoja na pilau ya siku ile.