Fulana ya Bluu Haijampeleka Mtoto Yeyote Shule

Wasee, leo nitawakosea wengine wenu, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, mtindo tunaujua. Tunavaa bluu, tunapiga picha, tunaandika "tuwapende". Mwaka jana nilifanya hivyo na nikapata laiki kibao. Wiki hiyo hiyo shangazi yangu alikuwa anatolewa kwa ofisi ya shule ya tatu, na mimi hata sikujua.

Binamu yangu ana miaka saba na ana usonji. Haongei sana. Kengele ikilia anajiziba masikio na kulia, lakini anazijua kwa kichwa namba za matatu zote zinazopita kwa steji yetu. Shule ya kwanza ilisema nafasi zimejaa. Ya pili ikasema haina mwalimu wa "watoto kama hao". Ya tatu ikasema arudi mwaka ujao. Kila mara shangazi alisema "asante mwalimu", akashika mtoto mkono, akatoka. Akifika nyumbani anajilaumu.

Shida si yeye, bana. Shida ni kwamba alienda peke yake.

Kuna watu hupenda kusema Kenya haina sheria. Hiyo ni uongo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na apate elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2025 tukapata hata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Karatasi tunazo tele. Mtu wa kukaa na mama kwa kile kiti cha pili pale ofisini ndiye hatuna.

Shule ya nne, tulienda pamoja. Sikupiga kelele, sikutoa simu kurekodi. Mwalimu mkuu aliposema haiwezekani, niliuliza tu, "Mwalimu, samahani, unaweza kutuandikia hiyo sababu kwa barua?" Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi kama uamuzi wa ofisi unagusa haki zake. Ofisi ikanyamaza. Halafu ghafla tukaambiwa mtoto apelekwe EARC, vile vituo vya Wizara ya Elimu vya kufanyia watoto tathmini, kisha turudi na ripoti. Vituo hivyo vilianza 1984! Shule tatu zilimfukuza shangazi, na hakuna hata moja iliyomtajia.

Binamu bado hajaanza darasa, sitawadanganya. Lakini ana tarehe ya tathmini. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na "rudi mwaka ujao".

Najua mtakuja kusema, "Wewe si wakili, unajiingiza aje?" Soma Kifungu cha 22. Mtu anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na hakuna ada ya kufungua kesi kama hiyo. Kama Katiba inaniruhusu kufika kortini, nitashindwaje kukaa na shangazi yangu dakika ishirini?

Wengine mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, na tuisukume. Lakini wazazi walioanzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003 hawakukaa kungoja. Sasa tunataka wazazi wafanye kila kitu? Mama ambaye hajalala, anayetafuta pesa ya kliniki, anayesikia majirani wakinong'ona kuhusu laana, ndiye huyo huyo awe karani, wakili na tarishi?

Sisi tuna nini? Tuna miguu, tuna simu, tunajua kuandika barua pepe na kupanga foleni. Basi tumia hivyo. Muulize mama kwanza kama anataka msaada, usimvamie. Nunua daftari, andika tarehe, jina la aliyewahudumia na alichosema. Toa nakala za ripoti za hospitali, weka kwa faili moja. Msindikize akamsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Shule ikikataa, pelekeni barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Huko nako wakinyamaza, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu hupokea malalamiko.

Na kitu kimoja kwetu sisi wa kutengeneza video: mtoto akilia kwa sababu ya kelele, weka simu mfukoni. Kilio chake si maudhui yako.

Aprili ijayo vaa bluu ukitaka, sikukatazi. Lakini kwa ploti yenu kuna mama ana mtoto ambaye hatoki nje wengine wakienda shule. Unamjua. Bisha mlango, msalimie, umuulize, "Mama, unaenda lini tena kwa hiyo ofisi? Twende pamoja."