Kabati la Mama Mkwe

Kama wewe na mwenzio mmenuniana leo, basi vuteni viti mkae pamoja msome ukurasa huu, maana mwezi huu nataka tuzungumzie ugomvi ambao hatuuandiki sana: ugomvi wa "umeiweka wapi?"

Tunaandika kuhusu wivu, simu za usiku na mawifi wenye maneno. Lakini ni wanandoa wangapi wanaanza siku kwa kufokeana kwa sababu ya soksi, funguo au risiti ya umeme? Nyumba ni ndogo, vitu ni vingi, na kabati la maana dukani bei yake inakufanya urudi nyuma hatua tatu. Mimi mwenyewe yamenikuta, na leo nitakusimulia bila kuficha.

Tulipofunga ndoa tulipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule kule Tabata. Tukalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mfuko ukawa mweupe. Zawadi za harusi tulizipata kwa wingi, namshukuru Mungu: chupa za chai nne, blenda tatu, mashuka, masufuria. Zote zikakaa kwenye maboksi yake: mengine chini ya kitanda, mengine nyuma ya mlango, mengine juu ya friji. Nikajiambia ni kwa muda tu.

Mwezi wa tatu, mume wangu akapigiwa simu saa kumi na mbili jioni. Kuna kazi aliyoifanyia usaili, anatakiwa kesho asubuhi apeleke vyeti vyake halisi. Jamani, tulipekua nyumba ile mpaka saa nane usiku. Cheti cha kidato cha sita hakikuonekana. Tulikikuta siku nne baadaye, ndani ya boksi la blenda, na kazi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

"Ungekuwa unapanga vitu," akaniambia.

"Nivipange wapi? Kichwani?" nikamjibu.

Usiku ule tulilala kila mtu na ukuta wake. Na uliofuata pia.

Mimi dawa yangu nilishaiona. Duka moja la samani lilikuwa linatoa kabati zuri la kung'aa kwa mkopo: shilingi 1,200,000, unatanguliza 300,000, halafu 100,000 kila mwezi kwa miezi tisa. Mume wangu akakataa katakata. Ukumbi wa harusi tulikuwa bado tunadaiwa. Nikaona ananibania tu.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kutoka Muheza. "Mwanangu, nasikia huna kabati. Langu lipo stoo, nakuletea." Kabla sijajua nijibu nini, kabati likawa limeshapakiwa kwenye fuso la machungwa linalokuja Dar. Lilipofika, majirani wote walikuwa barazani. Rangi ya bluu iliyobabuka, mlango mmoja unaning'inia, droo ya chini haifunguki, na ndani harufu ya panya. Niliingia bafuni nikalia. Nilidhani ananidharau, eti mimi ndiye wa kupewa kilichotupwa stoo.

Sasa shoga yangu, kabati hilohilo ndilo linalosimama sebuleni kwangu leo, na wageni huniuliza nimelinunua wapi. Nitakueleza tulivyofanya, ili na wewe usipite tu pale mtaani wanapouza samani za mtumba ukadhani ni kuni.

Kabla hujatoa hela yako

Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuja, akakwangua kidogo kwa nyuma kwa ncha ya msumari. Chini ya ile bluu kukatokea mbao ya kahawia yenye rangi ya dhahabu. "Dada, hii mvule," akasema. "Ukiifuata leo kwa mbao mpya, utauza na simu." Hilo ndilo la kwanza: usiangalie rangi, angalia mbao. Mvule, mninga, mkongo na mtiki ni mbao ngumu zinazodumu miaka na miaka, na zinakubali kupigwa msasa tena na tena. Nyanyua kona moja usikie uzito. Fungua droo uangalie upande ambao haukupakwa rangi.

Chipubodi na MDF, yaani zile mbao za maranda au unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, ni habari nyingine. Zikiwa kavu na nzima, sawa. Zikishalowa maji zikavimba pembeni, hazirudi. Ziache hapohapo.

Bonyeza miguu na pembe kwa kidole gumba. Ikibonyea, imeoza au imeliwa. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya chini yake, wadudu bado wamo ndani, na ukiingiza nyumbani watahamia kwenye kitanda chako. Vitanda na makochi ya mtumba yakague mara mbili, hasa kwenye mishono na maungio. Madoa madogo meusi huwa ni alama ya kunguni, na kunguni hawajui kama umeolewa juzi.

Na piga hesabu yote kabla ya kununua: bei, usafiri na fundi. Jumla ikikaribia bei ya kabati jipya la Keko, nenda Keko.

Kazi yenyewe

Tuliianza Jumamosi, nyuma ya nyumba. Mume wangu bado alikuwa hasemi sana, lakini alivaa kaptula akaja.

Kwanza ni kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa. Usimwagie maji, na usilianike kwenye jua kali, mbao itapasuka. Liache kivulini penye upepo mpaka likauke kabisa.

Pili ni kutengeneza kilichovunjika, kabla ya kufikiria urembo. Wengi wetu tunakimbilia rangi, halafu mlango unadondoka wiki inayofuata. Maungio yaliyolegea yalitiwa gundi ya mbao, tukayafunga kwa kamba ngumu hadi kesho yake. Bawaba zilizokula kutu tukaweka mpya. Droo zinazogoma, sugua mshumaa mkavu kwenye njia zake, utashangaa zinavyoteleza.

Ile droo ya chini fundi aliigonga taratibu mpaka ikatoka. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo nilipopata somo langu. Upande wa nyuma wa droo kulikuwa na maandishi ya penseli: Januari 400. Februari 400. Machi 250. Aprili hakuna. Yaliendelea hivyo hadi Oktoba, na mwisho neno moja: kwisha.

Mume wangu akampigia mama yake. Mama akacheka sana. Kumbe wakati ule alikuwa anauza maandazi, na fundi alimpelekea hela kidogo kidogo kabla kabati halijatoka. "Sikutaka deni la kuninyima usingizi," akasema. Halafu akaomba azungumze na mimi. "Mwanangu, sikukuletea nilichokichoka. Nimekuletea nilichokipata kwa shida."

Nilikosa la kusema. Nilimjibu tu, "Ahsante mama," nikamrudishia mume wangu simu yake.

Tatu ni msasa. Anza na mkwaruzo mkubwa, namba 80 au 120, umalizie na laini, 180 kisha 240. Fuata mkondo wa nyuzi za mbao, usikate katikati, utaacha michoro. Funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, maana vumbi la mvule linawasha na kuumiza kifua.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto na kwa mama mjamzito. Kwa hiyo rangi ya zamani usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, lowesha unaposugua, futa tope lake kwa kitambaa ukitupe, na usifagie. Kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali. Kama una mimba, wewe kaa pembeni utoe maelekezo.

Nne ni vanishi au rangi. Sisi mbao ilikuwa nzuri mno, tukachagua vanishi isiyong'aa sana. Paka tabaka jembamba, acha ikauke usiku mzima, pitisha msasa laini kidogo, paka tena. Matabaka mawili au matatu membamba ni bora kuliko moja zito litakalochuruzika. Kama mbao yako haina sura, rangi ya maziwa au kijani cha majani makavu inapendeza. Vitambaa vilivyoshika vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Mwisho, mishikio. Hiki kitu kidogo ndicho kinachobadilisha sura ya kabati zima. Pima kwanza umbali wa matundu ya zamani, usije ukanunua mizuri isiyoingia. Na kabati likiwa refu, lifunge ukutani kwa vyuma vya pembe, hasa kama kuna mtoto anayejifunza kusimama.

Hesabu yetu

Usafiri wa fuso 40,000. Fundi 45,000. Vanishi lita moja 18,000. Msasa 8,000. Gundi 5,000. Bawaba 8,000. Mishikio sita 12,000. Vikapu vitatu vya ukindu vya kuweka ndani 24,000. Jumla shilingi 160,000. Hizo ni bei za miaka sita iliyopita, kwako zitakuwa zimepanda, na wewe huenda ukalinunua kabati lenyewe. Hata hivyo linganisha na ile 1,200,000 niliyokuwa nataka kuikopa.

Kila kitu na mahali pake

Kabati likikamilika msilijaze tu. Kaeni wawili mgawane. Kwetu droo ya juu ni ya nyaraka peke yake: vyeti, mkataba wa nyumba, kadi za bima, cheti cha ndoa, vyote kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Hakuna kinachoingia mle kwa bahati mbaya, hata chaja. Droo ya pili ni yake, ya tatu ni yangu, na hatupekuliani. Milango ya chini ni ya vyombo vya wageni, na vikapu vya ukindu vinabeba vile vidogo vinavyozagaa.

Huna mama mkwe mwenye kabati? Yapo mengine. Yale makabati makubwa yaliyotengenezwa kubeba TV za chogo yanauzwa kwa bei ya kutupa, maana TV za sasa ni bapa. Lile shimo lake refu ongeza ubao mmoja katikati, unapata kabati la nguo za mtoto au stoo ya unga na mchele. Droo za kabati lililovunjika zifungie magurudumu madogo chini, zisukume uvunguni ziwe za mashuka na viatu. Sanduku la mbao la bibi litie mto juu, utapata kiti cha barazani na mahali pa kuwekea mablanketi. Na usidhani hayo ni mageni kwetu. Watu wa pwani waliishi na makasha ya mbao yenye njumu za shaba, na nyumba za kale za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani za kupangia vyombo. Nafasi ilithaminiwa tangu zamani.

Kazi yetu ilichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza tulizungumza kuhusu msasa tu. Ya pili alinieleza, bila mimi kumuuliza, jinsi ile kazi aliyoikosa ilivyomuuma. Nikamwomba radhi, naye akaniomba. Ya tatu tulikuwa tunacheka. Sisemi kabati linatibu ndoa. Nasema ni vigumu kuendelea kumnunia mtu aliyeshika upande wa pili wa ubao mnaousugua.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujasaini fomu ya mkopo, zungukia stoo za wazazi, uliza majirani wanaohama, pita kwa mafundi.

Mama alikuja kututembelea Krismasi ile. Alisimama mbele ya kabati, akapitisha kiganja juu ya mbao, akafungua mlango, akaufunga. Kisha akachuchumaa akavuta droo ya chini.

"Mmeyafuta maandishi yangu?"

"Hapana mama. Huko nyuma hatukugusa."

Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama chai iko tayari.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.