Ajali Haina Kinga?

Kuna methali isemwayo penye matanga mengi ya watu waliofia kazini: "Ajali haina kinga." Wafiwa huipokea kwa heshima, kwani ina faraja ndani yake. Mtu akipigwa na radi njiani, au akiangukiwa na mti wakati wa dhoruba, hapana wa kulaumiwa. Lakini methali hiyo hiyo husemwa pia juu ya mtu aliyenyofolewa mkono na mkanda wa kinu cha kusagia mahindi, na hapo haikupata mahali pake. Mkanda wa kinu una kinga yake. Ni kifuniko cha bati au cha wavu wa chuma, kinachofungwa kwa skrubu, na fundi yeyote wa kijijini aweza kukitengeneza.

Mara nyingi kinga hiyo ipo. Ililetwa pamoja na mashine siku ya kwanza. Kisha mkanda ulilegea, fundi akaifungua ili aukaze, na kwa kuwa wanawake wenye debe zao walikuwa wamepanga mstari mpaka barabarani, kinga ikaegemezwa ukutani ingoje jioni. Jioni hiyo haijafika bado. Vumbi la unga limeifunika, na kijana wa kinu huusukuma mkanda kwa kiganja kila unapoteleza, huku mkono wa koti lake ukipepea. Siku atakapovutwa, watu watasema hakuwa mwangalifu. Neno hilo lina kweli kidogo, wala halijibu swali lenyewe: ni nani aliyepaswa kuirudisha kinga, na ni nani aliyeruhusu mashine iendeshwe bila hiyo?

Zamani sheria yenyewe ilisema kama methali. Mwaka 1837 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya kijana Priestley, aliyeandikwa kazi na mwuza nyama jina lake Fowler. Alitumwa kupeleka bidhaa kwa gari lililopakiwa kupita kiasi. Gari likavunjika, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza walimpa fidia ya pauni 100, lakini majaji wakaiondoa. Lord Abinger alisema kwamba mtumishi halazimishwi kujitia hatarini, na kwamba huenda aliijua hali ya gari kama bwana wake, au kumshinda. Angeweza kukataa kupanda. Naam, angeweza, na mtumishi akataaye kupanda gari la tajiri wake hujua atakapolala usiku ule. Kutokana na kesi hiyo ilizaliwa kanuni kwamba mtu akiumizwa na kosa la mfanya kazi mwenzake, tajiri hadaiwi kitu.

Ilipita miaka 100 kamili ndipo fikira hiyo ikatikiswa sawasawa. Mwaka 1937 majaji wa House of Lords walisikiliza shauri la mchimba makaa ya mawe aitwaye English, wa Scotland. Zamu yake ilikuwa imekwisha, naye alikuwa akitembea kutoka mgodini, wakati mitambo ya kuvutia magari ya makaa ilipowashwa ikamponda ukutani. Ingalipasa kusimamishwa wakati watu wanapita. Kampuni ilijitetea kwa hoja iliyoonekana kuwa na nguvu. Ilisema kwamba sheria ya migodi ilitaka mgodi uwe chini ya meneja mwenye cheti. Meneja huyo aliwekwa. Basi kama mpango wa kazi ulikuwa mbaya, kosa lilikuwa lake na si la wenye mgodi.

Majaji waliikataa hoja hiyo. Walisema kwamba mwenye kazi anapaswa kuweka watu wenye ujuzi, kutoa vyombo vinavyofaa, na kuwa na mpango salama wa kazi wenye usimamizi wa kweli. Aweza kumpa mtu mwingine kazi ya kuyatimiza hayo, lakini deni lenyewe hubaki shingoni mwake. Meneja akilala, aliyelala ni tajiri. Mwaka 1948 ile kanuni ya kosa la mwenzake kazini ilifutwa kabisa huko Uingereza.

Mambo hayo ya mbali yanakihusu kinu cha Kenya, kwa sababu mahakama za Kenya zilirithi sheria ya mazoea ya Uingereza, na wajibu uliotamkwa mwaka 1937 hutajwa ndani yake hata leo. Pamoja na hiyo kuna sheria zilizoandikwa. Ile ya viwanda ilitungwa mwaka 1950, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1951, nayo ilitazama viwanda tu. Mwaka 1990 ilipanuliwa ihusu mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo haiulizi kama pana bomba la moshi au lango la chuma. Palipo na mtu afanyaye kazi, wa kudumu au wa siku moja, pamo katika sheria hiyo.

Kwa hiyo mkulima mwenye vibarua watatu wa kunyunyizia kahawa dawa asidhani kwamba maneno haya ni ya matajiri wa Nairobi. Sheria yamtaka awape wanaoshika vitu vya kudhuru mavazi ya kuwakinga: glavu, viatu, miwani na kofia kama vinahitajika. Gunia lililotobolewa mashimo ya mikono si vazi la kukinga. Dawa hupita katika ngozi, tena upesi zaidi mtu akiwa na jasho, na kichwa kinachomwuma kibarua jioni si lazima kiwe cha jua.

Kwa wenye kazi kubwa zaidi, yapo mambo ya usimamizi. Panapofanya kazi watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Kila miezi 12 mtu mwenye ujuzi akague mahali hapo. Tena mwenye kazi aandike jinsi anavyokusudia kulinda afya ya watu wake, na awajulishe wote. Katika ofisi nyingi karatasi hiyo hutundikwa nyuma ya mlango, kwa Kiingereza kigumu, asipofika kamwe yule anayeshika pampu ya dawa. Hao hawakujulishwa kitu.

Mfanya kazi naye ana wajibu: avae alichopewa, asiondoe kinga, na akiona hatari kubwa amwambie msimamizi wake. Akisha kusema, mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha pale mpaka hatari iondolewe, wala asimfukuze kwa sababu ya kulalamika. Hapo ndipo sheria ya leo ilipoachana kabisa na Lord Abinger.

Hatimaye mambo hufika mezani kwa karani. Yeye ndiye ajazaye fomu, na kalamu yake ina uzito kuliko anavyodhani. Makarani wengi huandika "uzembe wa mfanya kazi" kabla hawajaenda kuutazama mkanda. Yafaa waandike walichokiona: kinga ilikuwa wapi, injini ilikuwa ikizunguka au imezimwa, nani aliamuru. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, haimwangushi mtu kwa kosa lake kirahisi hivyo. Hata akiwa amekosa kwa makusudi, ajali ikimletea kifo au kilema kikubwa, haki ya fidia haipotei.

Mtu akifa, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini apate habari katika muda wa saa 24. Kwa ajali nyingine, mwenye kazi apeleke taarifa ndani ya siku saba tangu alipojulishwa, na madai ya fidia yasipite miezi 12. Madai hayo huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Wanasheria walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoliamua tarehe 3 Desemba 2019.

Kilema cha kudumu kisichomwachia mtu nguvu yo yote ya kazi hufidiwa kwa mshahara wa miezi 96, na kilema kidogo kwa sehemu ya fedha hizo. Aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, hesabu yake ni shilingi 1,440,000. Lakini hesabu hiyo hutoka katika daftari la mishahara. Kibarua ambaye jina lake halikuandikwa, aliyekuwa akilipwa mkononi kila Jumamosi bila kutia sahihi, itambidi yeye au mjane wake athibitishe kwanza kwamba aliwahi kufanya kazi hapo.