Pimeni udongo kabla ya kujenga nyumba

MAMA mmoja aliniletea mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa amepauka kwa upungufu wa damu, akilia tumbo, na maneno machache aliyokuwa ameanza kuyatamka alikuwa ameyaacha. Alikuwa ametibiwa minyoo mara mbili na kupewa dawa ya kuongeza damu bila kupata nafuu. "Daktari, huyu hula mchanga siku nzima," mama alisema, kana kwamba anaungama kosa lake.

Nilimwuliza ploti wanayoishi ilitumika kwa kazi gani zamani. Akanieleza kuwa mafundi walikuwa wakivunja betri za magari pale kabla ya mwenyewe kujenga vyumba vya kukodisha. Damu ya mtoto ilipopimwa, ilipatikana na madini mengi ya risasi.

Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini zinasaidia nini iwapo mtoto atarudi kucheza katika uwanja ule ule? Jibu la ugonjwa wake lilikuwa udongoni kabla hajazaliwa. Hakuna aliyelipwa kulitafuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na yule asiyepata chuma na kalsiamu ya kutosha katika chakula hufyonza zaidi. Ubongo ukishadhurika, haurudi ulivyokuwa. Tena risasi haiozi. Fundi anaweza kuhama leo, na sumu yake ikawangoja wajukuu wa jirani.

Haya si mambo ya kubuni. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na Sh700 milioni zaidi zitolewe iwapo udongo hautasafishwa. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo Desemba 2024. Huko Dandora, Nairobi, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Leo mikrogramu 5 tu zinatosha kumfanya daktari aanze kutafuta chanzo.

Miji yetu inapanuka, na viwanja vilivyokuwa gereji, viwanda vya ngozi, vituo vya petroli na majaa vinageuzwa kuwa mitaa ya makazi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe, lakini mtaalamu hulipwa na yule yule anayetaka kujenga. Mwenye ploti ndogo naye hana pesa wala hamu ya kutafuta habari itakayoshusha bei ya ardhi yake.

Ndiyo maana nasema upimaji huu ugharimiwe na umma. Marekani ilianza mwaka 1995 kuzipa miji yake pesa za kuchunguza viwanja vya aina hii. Kwanza hupekuliwa rekodi za matumizi ya zamani, na panapotiliwa shaka udongo na maji hupimwa. Nasi tuna mahali pa kuanzia: sheria yetu ile ile iliunda Hazina ya kurekebisha mazingira pale mchafuzi asipojulikana. Bunge liitie pesa, liipe jukumu la kupima, na matokeo yawekwe wazi katika afisi za kaunti.

Wapo watakaouliza kwa nini tulipie makosa ya wenye viwanda ilhali hospitali hazina dawa. Gharama ya kusafisha ni ya aliyechafua, na hapo sibishani. Lakini utampelekaje mtu mahakamani kabla ya kujua ni nini kilicho udongoni? Kupima kiwanja ni nafuu kuliko kulipa fidia ya mabilioni, na ni nafuu kuliko mtoto asiyeweza kufuata masomo.

Kwa sasa, ndugu msomaji, kabla ya kununua au kukodi, waulize wazee wa mtaa pale palikuwa na nini. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa ikiwa kavu. Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto apimwe damu.

Yule mama alihama. Kabla mwezi haujaisha, chumba chake kilikuwa kimepata mpangaji mwingine, naye ana mtoto anayetambaa.